Kabla Hujapiga Windows: Kompyuta Nzito na Prosesa Isiyopumzika, Kilwa hadi Lindi

Kompyuta mpakato inapokuwa nzito, feni ikavuma tangu inawashwa mpaka inazimwa, na herufi unazobonyeza zikachelewa kutokea kwenye kioo, ushauri utakaopewa kuanzia Nangurukuru hadi Lindi mjini ni mmoja: ipeleke kwa fundi ikapigwe Windows. Usikimbilie huko. Kupiga Windows, yaani kuiweka upya, kunafuta tatizo pamoja na ushahidi wake, na mara nyingi kunafuta na kazi zako: alama za wanafunzi, orodha ya wakulima wa chama cha ushirika (AMCOS), picha za harusi ya mdogo wako. Na kama chanzo kilikuwa joto, chaja au ile programu ya kuifungua Windows isiyolipiwa, uzito utarudi baada ya muda mfupi, nawe pesa umeshatoa.

Prosesa kufanya kazi si ugonjwa. Ukifungua faili kubwa au ukiingia kwenye kikao cha Zoom, ni haki yake kupanda hadi asilimia 100 kwa muda, kisha ishuke. Cha kukushtua ni pale inapokaa asilimia 80 au 90 wakati hujafungua kitu chochote. Hapo ipo programu inayoila, na programu hiyo ina jina. Kazi yako ya kwanza ni kulijua jina hilo. Mengine yote, pamoja na gharama, yanafuata baada ya hapo.

Ila kabla ya kugusa chochote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje au flashi safi. Mashine inayochemka kila siku inaweza kuzimika siku usiyoitarajia.

Kisha iwashe upya, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Katika Windows 10 na 11, kwa kawaida ukibofya Shut down mashine haizimiki yote. Sehemu ya ndani ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili kesho iwake haraka, hivyo draiva iliyokwama jana huamka nayo leo. Ukibofya Restart ndipo kila kitu huanza upya kabisa. Unaweza kulihakikisha mwenyewe: kwenye Task Manager (bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja), ukurasa wa Performance, bofya CPU uangalie palipoandikwa Up time. Si ajabu kwa mtu anayezima kompyuta yake kila jioni kukuta hesabu ya wiki kadhaa. Wapo waliopona kwa Restart tu.

Kama hukupona, rudi kwenye Task Manager tuisome vizuri. Ikija ndogo, bofya More details. Funga programu zako zote, uiache mashine itulie kama dakika 10, kwa sababu kompyuta yoyote iliyowashwa sasa hivi huwa na pilikapilika zake. Baada ya hapo bofya neno CPU juu ya safu yake, walaji wakubwa watapanda juu ya orodha.

Usisome safu hiyo peke yake. Tazama na za jirani, Memory na Disk. Ukikuta CPU iko asilimia 25 lakini Disk iko 100 na haishuki, shida si prosesa. Mara nyingi ni diski ya zamani ya kuzunguka ambayo imechoka, na dawa yake ni kuibadili uweke SSD. Ukikuta Memory iko 95, RAM imejaa na mashine inahangaika kuhamishia mizigo kwenye diski. Watu wengi wanaolalamikia prosesa wana tatizo mojawapo kati ya haya mawili. Kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 na kuweka SSD ndiyo matengenezo yanayorudisha thamani ya pesa kuliko yote ninayoyajua.

Sasa majina. Kwenye ukurasa wa Details utaona System Idle Process ikiwa na 90 na kitu. Usiifunge wala usiogope: hiyo ni hesabu ya prosesa isiyotumika, kwa hiyo ikiwa kubwa ni habari njema. Antimalware Service Executable ni mlinzi wa Windows mwenyewe, Defender, anakagua mafaili. Mwache amalize. Asipomaliza siku nzima, angalia kama umemwekea antivirus nyingine inayogombana naye, uiondoe. Windows Modules Installer Worker maana yake masasisho yanawekwa au yanasafishwa. Nitayarudia mbele, maana huku kwetu yana kisa chake. System interrupts ikizidi asilimia 5 hadi 10 kwa muda mrefu, shuku kifaa au draiva. Chomoa vitu vya USB kimoja kimoja huku ukitazama namba. Kwenye mashine zinazokaa karibu na maji, matundu ya USB hushika kutu, na tundu lenye kutu huweza kuisumbua prosesa bila kukoma. Ukikuta jina usilolijua, bofya kulia uchague Open file location. Programu ya kweli ya Windows kwa kawaida hukaa ndani ya folda ya Windows. Ikijificha kwenye AppData au Temp kwa jina la ajabu, ina kesi ya kujibu.

Kuna namba moja ambayo hata mafundi huipita bila kuitazama, nayo kwa pwani yetu ndiyo muhimu kuliko asilimia. Kwenye ukurasa ule wa Performance, chini ya mchoro wa CPU, pameandikwa Speed, na pembeni Base speed. Base speed ni kasi ya kawaida iliyotoka nayo kiwandani, tuseme 2.60 GHz. Speed ni kasi ya sasa hivi. Ifanyishe mashine kazi, kisha tazama. Kama inacheza 2 hadi 3 na zaidi, iko sawa. Kama imeganda kwenye 0.78 au 0.40 na haipandi hata ukifungua nini, prosesa imefungwa breki. Hapo asilimia inaweza kukudanganya: matoleo mengi ya Task Manager huipima kazi kwa kulinganisha na kasi ya kawaida, hivyo utaona 30 wakati mashine imelemewa. Hakuna kupiga Windows kutakakoifungua breki hiyo. Wanaoifunga mara nyingi ni wawili, joto na chaja.

Tuanze na joto. Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Kuanzia Novemba hadi Machi, kaskazi inapovuma na jua linapokuwa kali, hewa inayoingia kwenye feni ni ya moto tayari, hasa kwenye ofisi ya bati isiyo na dari saa 8 mchana. Ongeza na chumvi. Kilwa Masoko imezungukwa na bahari karibu pande zote, Kivinje imekaa ufukweni, Lindi mjini iko juu ya ghuba. Chumvi ya hewani huvuta unyevu, unyevu hushika vumbi, na vumbi lililolowa halipulizwi na feni likatoka. Linabaki.

Ukiifungua mashine iliyotumika Masoko miaka mitatu bila kusafishwa, utaona kati ya feni na yale mapezi membamba ya shaba kipande cha vumbi kilichoshikana kama blanketi, cha kijivu, ambacho unaweza kukiinua kwa vidole viwili kikatoka kizima. Nyuma yake mapezi yameanza kuota ukijani. Feni ilikuwa inazunguka kwa nguvu zake zote na hewa haipiti. Hiyo ndiyo kelele uliyokuwa unaisikia.

Kusafisha si kazi ya kuogopa, ila ifanye kwa utaratibu. Zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Kama iko ndani, ichomoe waya wake mara tu ukifungua mfuniko. Zuia feni kwa kijiti isizunguke unapopuliza blowa, kwa kuwa feni ikizungushwa na upepo mkali huharibika. Tumia brashi laini na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji wala manukato. Kama mashine ina miaka mingi, mwambie fundi abadilishe na ile pesti iliyo kati ya prosesa na shaba. Ikikauka haipitishi joto vizuri. Utando mwembamba unaofunika prosesa unatosha. Anayeishi karibu na bahari afanye usafi huu kila mwaka, na wakati mzuri ni Oktoba, kabla kaskazi haijaingia. Wa bara kidogo, Nachingwea au Ruangwa, anaweza kusubiri zaidi, lakini yeye ana vumbi jekundu la kushughulika nalo.

Kila siku, usiiweke juu ya godoro, mkeka au kitenge. Matundu ya hewa yako chini. Vipande viwili vya mbao chini ya miguu ya nyuma vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Kukaa barazani upate upepo wa bahari kunaipoza kompyuta mchana huo, lakini ndio upepo uleule wenye chumvi. Mimi ningekaa ndani karibu na dirisha, na nikimaliza niirudishe kwenye begi. Kama bado inachemka, kuna hila moja isiyogharimu kitu: kwenye Control Panel, fungua Power Options, kisha mipangilio ya juu ya mpango unaoutumia, tafuta Processor power management, na kwenye Maximum processor state ubadilishe 100 iwe 99. Kwenye mashine nyingi hii huzuia prosesa kurukia kasi ya juu ya Base speed, joto linashuka, nawe kwa kazi ya kuandika na kuperuzi hutaona tofauti. Baadhi ya mashine mpya hazionyeshi kipengele hicho.

Chaja nayo. Kompyuta nyingi za ofisini huku kwetu ni Dell Latitude na HP EliteBook zilizotumika ng'ambo, zikaletwa Kariakoo na kununuliwa huko. Dell huitambua chaja yake kupitia kipini chembamba cha katikati ya ncha. Ukichomeka ya bandia, au kipini kikipinda, kompyuta hushindwa kuitambua: wakati wa kuwaka hutoa ujumbe kwamba aina ya adapta haijulikani, betri haichaji, na prosesa inashushwa kasi makusudi isije ikalemewa na umeme mdogo. Mtu anabonyeza kitufe kuupita ujumbe ule kila asubuhi, halafu mchana anasema mashine ina virusi. Jaribio ni rahisi kama betri yako inashika chaji hata kwa dakika kumi: tazama Speed ukiwa umechomeka, kisha chomoa chaja. Ikipanda kutoka 0.78 hadi 2 na kitu, umempata mchawi wako.

Chaja halisi mara nyingi itabidi iagizwe kutoka Dar es Salaam, na barabara yetu ni moja. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya vilipoikata kule Somanga, mizigo ya Kilwa, Lindi na Mtwara ilikwama. Ofisi yenye kompyuta tano za aina moja iweke chaja moja ya akiba kabatini.

Sasa niseme la programu za kufungulia Windows, maana hili linaniuma. Fundi anapiga Windows, kisha anaendesha krak ili ile alama ya kudai leseni iondoke. Ili krak ifanye kazi, kwanza anamzima Defender au anamwambia asiikague folda fulani. Huo ni mlango uliofunguliwa na kuachwa wazi. Baadhi ya krak hubeba programu inayotumia prosesa yako kuchimba sarafu za kidijitali kwa faida ya mtu usiyemjua, usiku na mchana, kwa umeme wako. Dalili yake ya ajabu ni hii: feni inavuma, ukifungua Task Manager tu inatulia, ukiifunga inaanza tena. Baadhi ya programu hizo zimefundishwa kujificha pindi zinapotazamwa.

Fungua Windows Security, kisha Virus & threat protection, uingie kwenye mipangilio yake mpaka Exclusions. Kama kuna folda imeorodheshwa pale na hukuiweka wewe, iondoe. Kisha rudi kwenye Scan options uchague Microsoft Defender Offline scan. Mashine itajizima na kuwaka yenyewe, itakagua kwa kama dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati mdudu hana pa kujificha. Hakikisha chaja imechomekwa. Hatari nyingine ni flashi zinazozunguka kwenye maduka ya steshenari. Ukiona mafolda yako yamegeuka kuwa njia za mkato zenye kishale, usizibofye. Mafaili yako bado yamo, yamefichwa tu.

Na ujue jambo ambalo lingewaokoa wengi: Latitude na EliteBook nyingi zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zilitoka kiwandani na leseni iliyoandikwa ndani ya bodi yenyewe. Ukipiga Windows halisi kutoka Microsoft, toleo lilelile lililokuja na mashine, ukaiunganisha kwenye intaneti, inajithibitisha bila krak. Mtu anakuwekea krak kwenye mashine iliyokwisha kulipiwa leseni.

Nirudi kwenye masasisho. Wengi wetu tunatumia intaneti ya simu kwa hotspoti. Windows inaanza kushusha sasisho kubwa, bando linaisha katikati. Kesho inaendelea, ikianza kulifungua umeme unakatika, na betri ilishakufa siku nyingi, kompyuta inazima papo hapo. Inapowaka inarudisha nyuma yaliyofanyika, kisha inaanza tena. Mzunguko huo unaweza kwenda miezi, na kila siku Windows Modules Installer Worker iko juu ya orodha. Kuzima masasisho moja kwa moja si suluhisho, ndiko kunakoacha matobo ya virusi. Weka hotspoti yako kuwa Metered connection kwenye mipangilio ya mtandao ili isijishushie hovyo siku za kazi. Kisha chagua usiku mmoja kwa mwezi, bando la kutosha, chaja imechomekwa, uondoe Metered na kuiacha imalize, hata ikijiwasha mara tatu. Betri mpya kwa mtu wa namna hii si anasa; ndiyo inayolinda diski isikatwe katikati ya kuandika.

Wakati mwingine mlaji ni kazi yako mwenyewe. Mwalimu mmoja aliniletea mashine akasema, "Fundi, nipigie Windows, Excel inaniua." Nikamwomba, "Mwalimu, nifungulie hilo faili kwanza." Chini kulia mwa Excel paliandikwa Calculating, na prosesa ilipanda 100. Fomula za kutafuta majina zilikuwa zimeambiwa zikague safu nzima, mistari zaidi ya milioni moja, kwa ajili ya wanafunzi wasiofika 400. Tukazipunguza ziishie mstari wa 500, faili likawa jepesi palepale. Makarani wa AMCOS msimu wa ufuta, wanaojumlisha kilo za kila mkulima kabla ya mnada, waliangalie hili. Mkiwa bado mnaingiza takwimu, nendeni Formulas, kisha Calculation Options, mchague Manual. Mkimaliza bonyezeni F9 ikokotoe mara moja. Msisahau hiyo F9 kabla ya kuchapa karatasi, la sivyo jumla itakuwa ya jana.

Kivinjari nacho. Mifumo ya serikali kama NeST na PEPMIS hufunguliwa humo, na mtu huwa na kurasa nyingine 20 nyuma yake. Ukiwa ndani ya Chrome bonyeza Shift na Esc, utaona ni ukurasa upi hasa unaokula. Kwenye vikao vya Zoom ondoa ile picha ya bandia ya nyuma. Kwa prosesa ya zamani huo ni mzigo mkubwa.

Ukiwa umepita yote haya na bado ni nzito, huenda mashine yenyewe haikuwahi kuwa na nguvu. Kompyuta mpya za bei ndogo zenye Celeron, RAM ya GB 4 isiyoongezeka na hifadhi ya GB 64 hujaa siku ya kwanza. Mpya inavutia, lakini kwa pesa zilezile ningechukua Latitude au EliteBook iliyotumika yenye Core i5 ya kizazi cha 8 au zaidi. Kizazi hicho ndicho Windows 11 ilipoanzia kukubali prosesa za Intel, na Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya zamani zaidi ya hapo isitupwe: Linux Mint ni ya bure, ni nyepesi, na inatosha kwa kuandika na kutumia intaneti, ingawa Excel yenyewe hutaipata humo.

Na siku utakapolazimika kwenda kwa fundi, mwombe kitu kimoja kabla ya kumwachia mashine: afungue Task Manager mbele yako, akuonyeshe jina la kinachokula prosesa na namba ya Speed. Ni kazi ya dakika mbili. Akikataa, au akisema hakuna haja, chukua kompyuta yako uende kwa mwingine.